Mtafiti Aingie Darasa la Mwaka wa Kwanza

Wakuu wa vitivo na idara, wahadhiri wenzangu, wanafunzi, na ninyi wageni mliotenga muda wenu kuja kusikiliza, nawashukuru. Nimeombwa nizungumzie nafasi ya vyuo vikuu vya umma katika utafiti, katika ufundishaji na katika kuwaandaa watu kwa kazi za kitaaluma. Mada ni pana, na mtu anaweza kuizunguka saa nzima asiseme neno la kushika. Mimi nitasema jambo moja, kisha nitalitetea.

Tumezoea kuzitaja kazi hizi kana kwamba ni tatu. Kila moja ina kurugenzi yake, bajeti yake na fomu zake za kujaza. Mhadhiri anagawa wiki yake: siku hizi za vipindi, siku hizi za utafiti, na kikibaki chochote, barua za kuwaombea wanafunzi nafasi za mafunzo kwa vitendo. Nje ya chuo nako watu wamegawanyika. Wako wanaosema utafiti uhamie kwenye taasisi maalumu, chuo kibaki kufundisha. Wako wanaosema chuo kiache nadharia, kitoe watu wa kuajiriwa. Nasema kazi ni moja tu, na chuo cha umma kikiitenganisha, sehemu zote tatu zinadhoofika kwa pamoja. Ukitaka kujua chuo fulani kiko wapi katika jambo hili, usianze na tovuti yake wala orodha za ubora wa vyuo duniani. Ingia ukumbi wa mwaka wa kwanza, somo la utangulizi, uangalie aliyesimama mbele ni nani. Kama ni mtafiti hodari wa idara, mtu mwenye maswali yake mwenyewe yanayomkosesha usingizi, chuo kiko hai. Kama ni mhadhiri wa muda anayelipwa kwa saa, aliyekabidhiwa notsi za mtu mwingine usiku wa kuamkia kipindi, basi kuna kitu kimeshakatika, hata kama majengo yanang'aa.

Wazo la kuunganisha kutafiti na kufundisha lina historia, wala halikuwa la kawaida. Kwa karne nyingi vyuo vikuu vya Ulaya vilihifadhi maarifa na kuyarithisha. Mwalimu alisoma kitabu kilichokubalika, akakifafanua, mwanafunzi akaandika. Ugunduzi mwingi ulifanyika kwingine: katika akademia za wafalme, katika karakana, katika nyumba za wenye mali. Mwaka 1810 serikali ya Prussia, dola la Kijerumani la wakati ule, ilipofungua chuo kikuu jijini Berlin, Wilhelm von Humboldt, aliyekuwa ameshika masuala ya elimu, alitaka kitu kingine. Mwalimu na mwanafunzi wawe pamoja katika kuitafuta elimu ambayo haijakamilika, na serikali itoe uwezo bila kuamuru majibu. Hayo yalikuwa maneno ya falsafa. Yalihitaji mtu wa kuyatia mikononi mwa wanafunzi, na mtu huyo hakutoka Berlin.

Alikuwa Justus von Liebig, aliyeanza kufundisha kemia mwaka 1824 katika chuo kikuu cha mji mdogo wa Giessen, huko Hesse, Ujerumani, akiwa na umri wa miaka 21. Maabara yake ya kwanza ilikuwa katika jengo la walinzi wa kambi ya jeshi iliyokuwa imeachwa. Tatizo la kemia ya vitu vyenye uhai wakati ule lilikuwa kupima: je, katika sukari hii au dawa hii mna kaboni kiasi gani? Kupima kwa usahihi kulikuwa kazi ya mabingwa wachache, na iliwachukua muda mrefu. Mwaka 1831 Liebig alitengeneza chombo cha kioo chenye vitufe vitano vilivyounganishwa kwa umbo la pembetatu, na ndani yake mchanganyiko wa maji na potashi. Unaichoma sampuli ndani ya bomba, hewa ya kabonidayoksaidi inayotoka inapita kwenye vitufe na kunaswa na potashi. Unakipima chombo kabla, unakipima baada, tofauti ya uzito inakupa kaboni.

Naomba tukae hapo kidogo. Faida kubwa ya chombo kile haikuwa usahihi peke yake. Kiliwezesha kijana aliyefundishwa vizuri kufanya kazi ambayo jana ilikuwa ya bingwa. Liebig aliweza sasa kumpa kila mwanafunzi swali ambalo hakuna aliyelijua jibu lake, na kumdai jibu. Vijana wakamiminika Giessen kutoka nchi nyingi, wakarudi kwao na kuanzisha maabara za namna ile ile. Na huyu Liebig hakujificha na wanafunzi wake wateule. Alitoa mihadhara kwa wasikilizaji wa kawaida, wakiwamo waliokuja kusoma mambo mengine. Mwaka 1847 aliingia Giessen kijana mmoja, August Kekulé, akikusudia kusoma usanifu wa majengo. Mihadhara ya Liebig ikamgeuza. Mwaka 1865 Kekulé ndiye aliyependekeza kwamba atomu za kaboni katika kemikali iitwayo benzini zimeshikana kwa umbo la duara, wazo ambalo kemia ya rangi na ya dawa imelisimamia tangu hapo. Mhadhara wa utangulizi ulifanya kazi hiyo. Angelisomewa notsi na mtu asiyejali, huenda angetujengea nyumba nzuri, na kemia ingemngoja mwingine.

Sasa nivuke bahari, kwa sababu sehemu ya pili ya hoja yangu, ile ya kazi za kitaaluma, ilipata umbo lake Marekani. Tarehe 2 Julai 1862, katikati ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, Rais Abraham Lincoln alitia saini sheria iliyopendekezwa na Justin Morrill wa Vermont. Kila jimbo lilipewa ekari 30,000 za ardhi ya serikali kuu kwa kila seneta na kila mbunge wake, ili mapato yake yaanzishe vyuo vya kufundisha kilimo na ufundi wa mitambo, bila kuyaacha masomo mengine ya elimu ya juu. Ardhi ile haikuwa tupu. Ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa mataifa ya Wamarekani Wenyeji, kwa mikataba ya mabavu na mara nyingine bila mkataba wowote. Nalitaja hili kwa sababu chuo cha umma kinachosimulia mema yake kina wajibu wa kusimulia na gharama yake, na walioilipa ni akina nani. Watu weusi nao waliachwa nje ya vingi kati ya vyuo hivyo, hadi sheria ya pili ya mwaka 1890 iliyoyataka majimbo ama yawapokee ama yawajengee vyuo vyao.

Pamoja na doa hilo, sheria ile ilileta jambo ambalo vyuo vya zamani havikuwa nalo: mkulima na fundi walipata haki ya kuleta maswali yao chuoni. Mwaka 1887 ikaja sheria nyingine ya kufadhili vituo vya utafiti wa kilimo ndani ya vyuo hivyo, na mwaka 1914 ya huduma za ugani, ili matokeo yatoke maabara yafike shambani. Angalieni mpangilio huo: kufundisha, kutafiti, kupeleka. Vyote chini ya paa moja, na mara nyingi mikononi mwa mtu mmoja.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Chuo Kikuu cha Wisconsin. Wakati ule viwanda vya siagi na jibini vilinunua maziwa kwa uzito. Mwenye maziwa mazito yenye mafuta mengi alilipwa sawa na aliyeongeza maji au aliyeengua malai kabla ya kuleta. Mwaminifu alikuwa anapata hasara, na kila mtu alijua. Mkemia wa chuo, Stephen Babcock, akaombwa atafute kipimo. Mwaka 1890 alikitangaza: unatia maziwa kwenye chupa yenye shingo nyembamba iliyochorwa mistari, unaongeza asidi ya salfuriki inayoyeyusha kila kilichomo isipokuwa mafuta, unazungusha chupa kwenye mashine kwa kasi, unaongeza maji ya moto, mafuta yanapanda shingoni. Unasoma mstari. Mtu yeyote mwenye kusoma namba angeweza kukitumia, na Babcock hakukichukulia hataza, yaani haki ya kisheria ya mgunduzi kuwazuia wengine wasikitumie bila idhini yake. Chuo kikafundisha kipimo hicho katika kozi fupi za ufugaji, na wahitimu wakaondoka na ujuzi ambao ulikuwa haujawahi kuwapo, wa kuendesha kiwanda cha maziwa kwa vipimo.

Lakini hadithi haikuishia kwenye malipo ya haki. Babcock alikuwa na shaka na kemia yake mwenyewe. Wakemia walidai kwamba ukijua protini, wanga na mafuta yaliyomo kwenye chakula cha ng'ombe umejua yote ya muhimu. Kati ya mwaka 1907 na 1911 yeye na wenzake waliwagawa mitamba 16 katika makundi manne: wa mahindi, wa ngano, wa oti (nafaka inayofanana na shayiri), na wa mchanganyiko. Kwa vipimo vya kemia, lishe zote zililingana. Wale wa mahindi walinawiri wakazaa ndama wazima. Wale wa ngano walidhoofika, na ndama wao walizaliwa kabla ya wakati au wakafa. Kulikuwa na kitu kwenye chakula ambacho hakuna aliyekuwa na jina lake.

Elmer McCollum, mtafiti kijana aliyeajiriwa wakati jaribio lile linaanza, aliona kwamba kwa ng'ombe majibu yangechukua maisha yake yote. Akaanza kufuga panya wa maabara, katika chuo cha kilimo ambako panya alihesabiwa kuwa adui wa ghala. Aliyewahudumia panya hao na kufanya sehemu kubwa ya majaribio alikuwa mwanamke kijana, Marguerite Davis, aliyejitolea bila mshahara. Mwaka 1913 wawili hao walitangaza kwamba mna kitu kwenye mafuta ya siagi na kiini cha yai, kisichomo kwenye mafuta ya nguruwe wala ya zeituni, ambacho mnyama akikikosa hakui. Leo tunakiita vitamini A. Na mmoja wa vijana waliosaidia jaribio la mitamba, Harry Steenbock, mtoto wa mkulima na mwanafunzi wa chuo hicho hicho, alikuja kuonyesha miaka ya 1920 kwamba chakula kikipigwa mionzi ya urujuanimno hupata vitamini D. Ugonjwa wa matege, uliokuwa ukipinda miguu ya watoto katika miji isiyo na jua la kutosha, ukapata kinga ya bei nafuu. Yeye alichukua hataza, ila mapato yake yakaenda kwenye mfuko ulioanzishwa mwaka 1925 kufadhili utafiti wa chuo.

Nimekaa na Wisconsin kwa makusudi. Swali lilitoka kwa mwananchi mwenye ndoo ya maziwa, likajibiwa, jibu likafundishwa, waliofundishwa wakawa wataalamu na watafiti, nao wakaliona swali kubwa zaidi lililokuwa limejificha nyuma ya lile la kwanza. Mnyororo huo ungekatwa wapi, kama utafiti ungekuwa kwenye taasisi ya mbali na mafunzo kwenye chuo kisichotafiti? Mimi naona ungekatikia kwa Steenbock. Mtoto wa mkulima asingelijua jaribio la mitamba, maana asingekuwa na sababu ya kuingia zizi lile.

Mtu atasema hayo ni ya nchi zenye fedha. Basi tutazame Kampala. Mwaka 1957 daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyefanya kazi Mulago, hospitali ya kufundishia ya Makerere, alioneshwa mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini. Muda mfupi baadaye, katika hospitali ya mji mwingine, akamwona mtoto wa pili mwenye hali ile ile. Akarudi kwenye kumbukumbu za hospitali na kugundua kwamba uvimbe uliokuwa ukiandikwa kwa majina mbalimbali ulikuwa ugonjwa mmoja, saratani ya watoto, na mwaka 1958 akauchapisha. Kisha, kwa ruzuku ndogo, akatuma picha na maswali kwa hospitali nyingi za Afrika: je, mmeuona huu? Mwaka 1961 yeye na madaktari wawili wenzake walipanda gari lililokwisha kutumika, wakaenda kusini hospitali kwa hospitali, wakiweka alama kwenye ramani. Ugonjwa ulikuwapo kwenye maeneo ya joto na mvua, ukapotea kwenye miinuko ya baridi. Sampuli zikasafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza kirusi walichokiona ndani ya seli zake, kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Hakuna mashine ya ajabu katika sehemu ya kwanza ya kisa hicho. Kuna wodi, jalada, posta, ramani na gari. Kuna, zaidi ya yote, hospitali ya umma inayopokea kila mtoto na ambayo pia ni darasa. Hapo ndipo ninapotaka kuwajibu wanaosema chuo kitoe tu watu wa kuajiriwa. Daktari anayejifunzia mahali ambapo mkufunzi wake anauliza maswali huondoka na tabia ya kushangaa. Anapomwona mgonjwa wa pili anayefanana na wa kwanza, anasimama.

Jambo hili lilishapimwa upande wa udaktari zaidi ya karne moja iliyopita. Mwaka 1910 Abraham Flexner, mtaalamu wa elimu wa Marekani, alitoa ripoti yake baada ya kuzuru shule 155 za udaktari nchini Marekani na Kanada. Nyingi zilikuwa biashara za madaktari wachache: ada inalipwa, mihadhara inasomwa, cheti kinatolewa, na mwanafunzi hajagusa darubini wala mgonjwa. Flexner alidai udaktari ufundishwe ndani ya vyuo vikuu, penye maabara na hospitali, na walimu wanaotafiti. Shule nyingi zilifungwa, na matibabu yakawa bora. Ila dawa ile ilikuwa na sumu yake pia. Kati ya shule saba zilizofundisha madaktari weusi zilibaki mbili, Howard na Meharry, na jamii nzima ikakosa matabibu kwa vizazi. Kwa hiyo ninaposema taaluma zifundishwe palipo na utafiti, sisemi tufunge milango tubaki wachache wenye maabara nzuri. Chuo cha umma kina mzigo mgumu kuliko huo: kufungua mlango na kuweka maabara, vyote viwili.

Kuna taaluma moja tunayoisahau tunapozungumza hivi, nayo ndiyo inayobeba wahitimu wetu wengi kuliko zote: ualimu. Mhandisi tunadai amekanyaga karakana. Daktari tunadai amekaa wodini. Mwalimu wa fizikia wa sekondari tunamruhusu ahitimu bila kuwahi kuunda jaribio hata moja la kwake, achilia mbali kulifuatilia linapokataa. Mwalimu wa historia anahitimu bila kufungua jalada la nyaraka. Kisha tunashangaa wanafunzi wanatujia wakiwa hodari wa kukariri madesa na mitihani ya miaka iliyopita. Yule mwalimu atafundisha maelfu kabla ya kustaafu, na hawezi kuwapa asichopewa. Kama ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja tu katika mitaala yetu, ningeanzia hapo: kila mwalimu mtarajiwa afanye utafiti mdogo wa kweli katika somo lake, wenye swali lisilo na jibu kitabuni, asimamiwe na mtu anayelifanya somo hilo.

Sasa nigeukie kilichoharibika, na nitasema wazi.

Tunampandisha mhadhiri cheo kwa kuhesabu machapisho. Kipimo kinachotumika sana, kile cha wastani wa mara ambazo makala za jarida fulani hurejelewa, kilibuniwa kuwasaidia wakutubi kuamua majarida ya kununua. Hakikukusudiwa kumpima mtu. Wahariri na wachapishaji wa majarida ya kitaaluma waliokutana San Francisco mwaka 2012 waliandika azimio kupinga matumizi hayo, na taasisi nyingi duniani zimelitia saini. Lakini kutia saini ni rahisi. Kwenye kamati za vyeo bado tunahesabu. Matokeo yake mnayafahamu: utafiti mmoja unakatwakatwa uwe makala nne, majarida yanayochapa chochote mradi umelipa yanapata wateja, na mhadhiri mwerevu anajifunza kukwepa darasa kubwa la mwaka wa kwanza, kwa kuwa saa alizokaa na wanafunzi mia tano hazina safu kwenye fomu.

Pengo hilo linazibwa na wahadhiri wa muda. Nawaheshimu sana watu hawa. Wengi ni walimu wazuri, wanakimbia kutoka chuo hiki hadi kile, bila ofisi ya kukutana na mwanafunzi, bila uhakika wa muhula ujao. Tunawaweka kwenye masomo ya msingi, palipo na wanafunzi wengi na wadhaifu zaidi, kisha hatuwapi nafasi ya kutafiti. Kwa utaratibu huo tunamwambia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, bila kutamka neno, kwamba elimu ni kitu kilichokwisha kuandikwa na kazi yake ni kukinakili.

Upande wa fedha nitapita haraka, maana wengi humu mnauelewa kunishinda. Vyuo vya serikali nchini Ujerumani haviwatozi wanafunzi wengi ada ya masomo. California, katika mpango wake wa mwaka 1960, iligawa kazi: chuo kikuu cha utafiti kichukue moja ya nane ya juu ya wahitimu wa sekondari, vyuo vya jimbo vichukue theluthi ya juu, na vyuo vya jamii vimpokee kila anayetaka, na njia ya kupanda kutoka huku hadi kule iwe wazi. Mipango hiyo inatofautiana, lakini iliandikwa na watu waliokaa wakaamua chuo cha umma ni cha nani. Pasipo uamuzi huo, ruzuku inapopungua chuo hujaza pengo kwa kuongeza udahili bila kuongeza walimu, na hapo hotuba kama hii inakuwa kelele tupu.

Lipo jambo lingine linaloniuma, nalo ni jina la mwanafunzi. Mwezi Oktoba 1943, katika chumba cha chini ya ardhi pale Rutgers, New Jersey, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu Albert Schatz alipata bakteria wa udongoni wanaotoa dawa inayoua vijidudu vya kifua kikuu. Aina mbili alizozitenga zilitoka kwenye udongo wenye samadi na kwenye koo la kuku. Dawa ni streptomaisini, ya kwanza kuutibu ugonjwa huo. Sifa zikaenda kwa msimamizi wake, Selman Waksman. Schatz alifungua kesi mwaka 1950, wakapatana, akatambuliwa rasmi kuwa mgunduzi mwenza. Mwaka 1952 Tuzo ya Nobel ikamwendea Waksman peke yake. Waksman alikuwa na mchango mkubwa, alikuwa amejenga mbinu nzima ya kutafuta dawa udongoni. Lakini ninapoona tasnifu ya mwanafunzi inageuka makala yenye jina la msimamizi mbele na la mwanafunzi mwishoni, au halipo kabisa, najua tumemfundisha kijana yule kwamba utafiti ni mahali pa kunyang'anywa. Hatarudi, na mimi simlaumu.

Nipendekeze basi, kwa idara zinazoweza kuanza muhula ujao bila kusubiri waraka.

Kila profesa na mhadhiri mwandamizi afundishe somo moja la mwaka wa kwanza kwa zamu isiyokwepeka, na zamu hiyo iandikwe kwenye fomu ya kupanda cheo kwa uzito ulio sawa na makala. Ndani ya somo hilo atenge vipindi vya kueleza utafiti wake mwenyewe ulipofikia, na hasa ulipokwama. Najua jibu la wengi: wa mwaka wa kwanza hawataelewa. Wataelewa sehemu, na sehemu hiyo inatosha kumfanya mmoja wao abaki mlangoni baada ya kipindi akiwa na swali.

Wahadhiri wa muda wanaofundisha masomo ya msingi wapewe mikataba ya mwaka mzima badala ya saa, na waingizwe kwenye makundi ya utafiti ya idara. Hili lina gharama, nami nalisema mbele ya wakuu wenye kushika bajeti: fedha zake zikatwe kwenye semina za hotelini kabla ya kuambiwa haliwezekani.

Kamati za vyeo zimwombe mhadhiri alete kazi zake tano anazoziona bora, zisomwe. Zisomwe kwa kweli, na watu wawili walio nje ya chuo. Kuhesabu ni kazi ya karani, na kamati ya vyeo haikuundwa kwa ukarani.

Kuhusu majina, kanuni iwe fupi: makala inayotokana na tasnifu, jina la kwanza ni la mwandishi wa tasnifu, isipokuwa yeye mwenyewe akubali vinginevyo kwa maandishi mbele ya mkuu wa idara.

La mwisho linahusu watu tunaowatafiti. Tunakwenda kwao na madodoso, tunapima damu zao, udongo wao, mishahara yao, kisha tunaandika kwa lugha wasiyoisoma katika jarida wasiloweza kulilipia. Napendekeza kila tasnifu ya uzamili na uzamivu iliyokusanya taarifa kwa watu iambatane na ripoti ya kurasa mbili, kwa lugha wanayoisoma watu hao, ikieleza nini kilionekana na nini bado hakijulikani. Mtahiniwa aipeleke mwenyewe, akae asikilize maswali yao, aandike yale asiyoweza kuyajibu, na orodha hiyo ya maswali ikabidhiwe idara ili wa mwaka unaofuata waanze nayo. Barua ya kuipokea ripoti, yenye saini ya kiongozi wa eneo, iwekwe kwenye jalada pamoja na taarifa za wasahihishaji, na shahada isiidhinishwe mpaka iwemo.

Nawashukuru kwa kunisikiliza. Sasa nayapokea maswali, na ningependa wanafunzi wa mwaka wa kwanza waanze.